Barua kwa Mwanangu Kabla ya Nikaha

Mambrui,
Mwezi wa Rajabu

Mwanangu mpenzi,

Mimi mamako mkubwa ni mzima, alhamdulillahi, ila magoti tu ndiyo yanayonisumbua kukiingia baridi. Wote hapa Mambrui wanakusalimu, na wajukuu hawaishi kuuliza ni lini watapelekwa kupimwa nguo za harusi ya dada yao.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Nimeona nisikujibu kwa simu. Neno la simu siku hizi halikai lilipowekwa: ukilisema adhuhuri, alasiri limesharushwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, na likifika magharibi liko Maskati, limetiwa chumvi na pilipili. Karatasi hii utaisoma peke yako, na ukitaka utaichana.

Nimekuelewa hivi. Baba wa binti yako, aliyekwenda zake Maskati mtoto akiwa darasa la tatu, sasa anataka kuja kumwozesha mwenyewe, tena aje na mkewe. Mumeo, aliyemlea binti na kumsomesha, amenyamaza tangu asikie habari hiyo, na kimya chake kinakutia hofu. Ndugu yako anasema mjomba yupo na ataozesha yeye, na asiyetaka asije. Mawifi zako wa zamani wametuma orodha ya ada. Na wakwe ni Wagiriama wa Marafa, na baadhi ya watu wetu wamekwisha kukunja pua. Mwisho ukalia, ukasema bora umfungishe ndoa kimyakimya, watu wapate habari baadaye.

Usifanye hivyo. Ndoa hutangazwa, na binti yako hana la kufichwa. Lakini pia usiende harusini na kibwebwe ulichokwisha kujifunga sasa. Hiyo ni harusi ya mwanao, si kikao cha pili cha talaka yako.

Kwanza pambanua mambo matatu: haki, ada na hasira. Haki imewekwa na sheria, wala haiondoki kwa sababu mwenye nayo hatumpendi. Ada ni maafikiano ya watu, huongezwa na kupunguzwa. Hasira kila mtu anayo yake, na haina mkeka harusini. Mizozo niliyoishuhudia katika harusi zetu, kuanzia Mtwapa hadi Gongoni, mingi ilianza pale mtu alipoivisha hasira yake kanzu ya haki.

Tuanze na nani ataozesha. Katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani hii, walii wa binti ni babake. Akikosekana, ni babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa baba na mama mmoja, kisha ndugu wa kwa baba, kisha watoto wao wa kiume, ndipo waingie maami. Mjomba hayumo, hata akiwa ndiye aliyekuwa akimvusha mtoto barabara kila asubuhi kwenda shule. Baba wa kambo hayumo. Mimi na wewe hatumo. Ndugu yako ana uchungu, na uchungu wake ni wa mapenzi, lakini mwambie polepole, mkiwa wawili tu, kwamba uwalii hautolewi kama shukrani ya malezi. Akibisha, mpeleke kwa imamu wake mwenyewe, si wako, asikie kwa mtu anayemwamini.

Najua utakalonijibu. Mtu huyu hakuleta hata kibaba cha unga. Nilikuwa nikikuona hapo Barani unakaanga mahamri alfajiri na viazi karai jioni ili karo ipatikane. Sisemi usahau. Deni lile lilikuwa na mahali pake pa kudaiwa mtoto alipokuwa mdogo: mahakama ya kadhi iko hapo hapo Malindi, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, inaitambua kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kusimama mbele yake. Wewe ulichagua kulea bila kesi, na ulilea vizuri. Sasa binti ni mtu mzima. Ukilidai deni hilo leo kwa kumnyima babake uwalii, atakayelipa ni binti, maana ndiye atakayeishi na minong'ono ya kwamba ndoa yake ina kasoro.

Usije pia ukashawishiwa na wale wanaokwambia, "Nenda kwa kadhi, sema baba hajulikani aliko." Ni kweli kadhi husimama mahali pa walii ikiwa walii hapatikani, au yuko mbali na hafikiki, au anazuia ndoa bila sababu inayokubalika kisheria. Mlango huo uliwekwa kwa wenye dhiki ya kweli. Huyu anapatikana, anapiga simu kila siku, na tiketi anasema amekwisha kukata. Usiifungue ndoa ya mwanao kwa uongo mbele ya kadhi.

Lakini uwalii una mipaka yake, na hapo ndipo penye nafuu yako. Baba anaozesha, hamchagulii binti mume mwingine, wala hafungui upya mazungumzo yaliyokwisha. Binti ataulizwa ridhaa yake, na Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inataka wote wawili wawe wameridhia, na kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Mahari ni ya binti. Aya ya nne ya Suratu Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari yao, wao wenyewe. Hayapiti kwanza mikononi mwa mashangazi yakahesabiwa, yakabaki nusu. Baba akilijua hilo tangu mwanzo, na akalisikia kwa mwanamume mwenzake mwenye elimu, hatakuwa na la kuvutana nawe.

Sasa mumeo. Yule hana hasira, amevunjika moyo, na kuvunjika moyo kwa mwanamume mpole hakuponywi na kamati. Kwanza azungumze naye binti. Aende peke yake, akae chini mbele yake, amwombe radhi na dua kama mtoto anavyomwomba babake kabla ya kuolewa. Usimpangie maneno, ana kinywa chake. Wewe kazi yako ni kutoka chumbani na kuwazuia watoto wasiingie.

Kisha mpatie nafasi ndani ya nikaha yenyewe. Walii anaruhusiwa kumwakilisha mtu. Mababa wengi humwakilisha sheikh kwa sababu wanaogopa kukosea matamshi mbele ya watu. Basi baba aulizwe kwa heshima, bila kubanwa, kama yu radhi kumwakilisha mumeo amwozeshee. Akikubali, atakuwa amefuta mengi kwa neno moja, na sisi tutamheshimu kwa hilo. Akikataa, ni haki yake, msinune. Bado kuna nafasi nyingine: nikaha yataka mashahidi wawili, wanaume waadilifu. Mumeo awe mmoja wao. Atatia sahihi ndoa ikiandikishwa, na cheti binti atakiweka maisha yake yote.

Fikiria nikaha yenyewe ilivyo. Wanaume wamekaa mikekani baada ya Isha, udi unafuka, bwana harusi yumo ndani ya joho. Walii anakaa mbele yake, magoti yanakaribia kugusana, wanashikana mikono ya kulia. Sheikh anatamka, walii anafuata, bwana harusi anajibu kwamba amekubali kumuoa kwa mahari yaliyotajwa. Inasomwa dua, halua inakatwa, vikombe vya kahawa tungu vinazungushwa, na mtu anapita na mrashi akiwanyunyizia watu marashi. Ule mkono kwa mkono hauchukui muda wa kuchemsha chai. Kipande hicho ndicho cha baba. Kilichotangulia kilikuwa chenu, wewe na mumeo, na kitakachofuata kitakuwa cha watoto wenyewe. Mwachie kipande chake.

Niingie kwenye orodha ya mawifi. Kilemba cha baba ni ada, mkaja wa mama ni ada, kipa mkono ni ada. Ada ni pambo la harusi na mimi nazipenda. Nisingefurahi zote zife. Lakini hakuna ada iliyo sharti la kuswihi kwa ndoa, na hakuna ada inayofaa kumzamisha kijana kwenye madeni. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mkimtoza leo kila lililoandikwa kwenye orodha ile, mwakani atakayebeba mzigo ni binti yenu, kwa sababu atakuwa ameolewa na mtu anayekatwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Kilemba kitolewe, kiwe cha kiasi, na apewe baba kwa mkono wa mshenga mbele ya watu. Mkaja ni wako, usiuache kwa kujifanya mkubwa wa roho, ulimzaa. Yaliyobaki yafutwe au yageuzwe leso na sahani ya halua.

Na orodha hiyo usiijibu kwenye kundi. Wala usijibu kwa mafumbo ya leso, maana nakujua. Itajibiwa kikaoni.

Kikao chenyewe kiwe cha watu wachache: mumeo, ndugu yako, ami mmoja wa binti mwenye busara, imamu wa msikiti wenu, na mimi. Baba awe kwenye simu, asikie kwa masikio yake. Yazungumzwe mambo manne tu: nani anaozesha na nani ni mashahidi, mahari ni kiasi gani, ada zipi zitakazotolewa, na nani analipa nini. Lililoafikiwa liandikwe karatasini na kusomwa kabla ya watu kuinuka. Baada ya hapo kila upande uwe na msemaji mmoja. Mtu akikujia na la kwake, mwambie, "Nenda kwa msemaji," kisha mpe maji ya kunywa.

Kuhusu malipo, tahadhari. Baba amesema atagharamia ukumbi na kila kitu. Mimi sikatai mkono wa mtu. Lakini pesa za kila kitu huja na amri ya kila kitu, na pesa zilizoahidiwa si sufuria iliyoinjikwa. Mpe jambo moja linaloonekana, kama mchele na nyama ya walima, na aambiwe tarehe ya mwisho. Zikija, watu watakula na kumuombea. Zisipokuja, muwe mlikwisha kupanga kitu mnachokiweza: mahema uani, mpishi wa pilau wa mtaani, na majirani wenye mikono. Usikope chama kwa ajili ya kumuonyesha mtu wa Maskati kwamba hukumhitaji.

Mkewe akija, mpokee. Hukumwita, lakini akishavuka kizingiti chako ni mgeni. Usiku wa kupamba mtengee kiti kizuri safu ya mbele, pamoja na mashangazi wa binti. Kiti cha ubavuni mwa bibi harusi ni chako, na hilo lisijadiliwe. Akitaka kupiga picha na binti, binti ndiye mwenye kukubali au kukataa. Ukikutana na baba uso kwa uso, mpe salamu, muulize safari, mpe njia apite. Hakuna zaidi ya hapo unalodaiwa, na hakuna pungufu ya hapo litakalokupendeza mbele ya watu.

Yule wifi mkubwa, ambaye sote tunamjua ulimi wake, usimweke pembeni. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mpe chetezo. Akae mlangoni usiku wa kupamba, awafukizie wageni udi mmoja mmoja na kuwagawia vikuba vya asumini. Kazi hiyo ni ya heshima, kila anayeingia atamsalimu kwanza yeye, na akiwa na chetezo mkononi hatapata nafasi ya kuzunguka safu kwa safu akipanda maneno. Ndugu yako mpe halua na kahawa ya msikitini. Atapiga kelele zake kwa wauza halua, na ndoa itapita salama. Na mlangoni awepo msichana mwenye mfuko wa kukusanyia simu. Wanawake watakuwa wamevua mabuibui, na picha moja ikirushwa usiku ule itazua kesi mbaya kuliko hizi zote.

Hina itapakwa, singo itafanywa, na somo atakaa naye. Katika siku hizo mwari asisikie ugomvi wenu. Usimtume kwa babake kumwambia hili, wala baba asimtume kwako kukwambia lile. Muulize swali moja tu, sasa hivi, kabla ya kikao: "Unataka nini siku yako?" Atakalosema lisikilize mpaka mwisho, hata likikuuma. Huenda anataka babake amshike mkono yule kijana. Mtoto huweza kumpenda baba ambaye mamake hampendi, na kufanya hivyo si kukusaliti.

Nimeliacha la wakwe mwisho kwa sababu ndilo lililonikasirisha. Nimeambiwa mtu wa ukoo wetu, tena mwenye kwenda hijja, amewaita wakwe zako "Wanyika" mbele ya watoto. Neno hilo lisirudiwe nyumbani kwako. Wenyewe ni Mijikenda, ni Wagiriama, na wana nasaba zao wanazozihesabu vizuri kuliko sisi tunavyohesabu zetu. Nafaka na pembe zilizoineemesha Takaungu ya kale zilitoka kwao. Watu wa ng'ambo ya Mto Sabaki walikula kiapo cha Mekatilili wa Menza, Waingereza wakawafukuza mwaka 1914 na kuzitia nyumba zao moto, na baadaye wakarudi wakalima tena. Watu kama hao hawaji Malindi kwako kuomba daraja. Wanakuja kuoa. Na wanaokunja pua wakumbushe nyanya yetu mzaa mama alizaliwa wapi kabla ya kusilimu. Wataipata pua yao mahali pake.

Kijana mwenyewe ni Mwislamu, babake ni mtu wa kanisa, na babu yake angali anafuata mila. Nyumba kama hiyo kwetu si ajabu. Wazee wao wamezoea mazungumzo ya mahari yafunguliwe kwa kadzama ya mnazi, na nyumbani kwako mnazi hauingii. Lisifanywe fedheha. Mshenga awaeleze mapema, akiwa amekaa nao kwao Marafa, kwamba kadzama itolewe kwa pesa, na ile pesa ipokelewe na mzee wetu kwa mikono miwili na maneno mazuri. Wataelewa, maana wao wenyewe wanajua kuihesabu kwa shilingi panapohitajika. Wakitaka kufanya mila zao kwao baada ya binti kufika, wafanye zisizomtoa binti katika dini yake, na hilo pia lisemwe sasa, si siku hiyo.

Siku watakayokuja, chagua wasichana wawili wa kuwapokea barabarani, wawaamkie kwa lugha yao, "Mudzalamukadze," kisha wawaongoze ndani. Nyanya wa bwana harusi akija amevaa hando, akalishwe safu ya mbele pamoja nami. Atakayecheka nitamtoa mimi mwenyewe, hata akiwa amebeba sinia. Mama wa kijana aalikwe hinani, asiletwe tu siku ya walima kama mgeni wa kula. Yeye ndiye mavyaa wa binti yako. Binti akigombana na mumewe siku moja, mama huyo ndiye atakayemfungulia mlango kabla yako, kwa kuwa yuko karibu. Heshima utakayompa leo, mwanao ataikuta kule.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Baba aozeshe, au amwakilishe mumeo akiridhia. Asiporidhia, mumeo ashuhudie. Mahari yaende kwa binti, kilemba kiwe cha kiasi, mkaja uupokee. Wakwe waje kama wakwe. Kikao tukifanye Ijumaa ijayo baada ya sala. Nitapanda matatu ya asubuhi, na nikifika nataka nikukute umelala vya kutosha na orodha ya mawifi umeiweka mezani, hujaijibu.

Likishapitishwa, limepitishwa. Atakayenuna na anune, pilau atakula.

Wasalaam,
Mamako mkubwa